Kupanda Mlima Wakati wa Vuli: Somo kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Mvua za vuli huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Katika miezi hiyohiyo kalenda yetu ina sikukuu nyingi: Siku ya Mazingira tarehe 10 Oktoba, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba, kisha Krismasi. Ndiyo sababu vikundi vingi vya vijana, wanachama wa chama, waumini na wafanyakazi wenza hupanga safari za mlimani wakati njia zimejaa matope na vilele vimefunikwa na ukungu.

Kupanda mlima ni jambo jema. Kunajenga afya, kunaleta umoja na kunatufunza kuyapenda mazingira yetu. Somo hili halikusudii kumtisha mtu. Linakusudia kila mkazi anayeondoka nyumbani alfajiri arudi salama jioni.

Malengo ya somo

Ukimaliza kusoma, unatarajiwa uweze:

1. Kueleza kwa nini kulowa mlimani ni hatari hata kama jua linawaka Ruiru.
2. Kupanga saa ya kugeuka na kuifuata.
3. Kutambua mwenzako anayeanza kupoa mwili na kumsaidia.
4. Kuacha ujumbe nyumbani utakaowasaidia watu kukutafuta ukichelewa.

1. Milima iliyo karibu nasi

Mkazi wa Thika anayetazama upande wa mashariki asubuhi isiyo na mawingu anaiona Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk, yenye kimo cha takriban mita 2,145. Mlima huo uko Kaunti ya Machakos na umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1967. Kutoka langoni hadi kileleni ni takriban kilomita 9, kwa hiyo anayekwenda kwa miguu na kurudi hutembea kilomita 18. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu asiye na uzoefu. Hata hivyo, jina lake halikutoka hewani: msitu wake una mbogo, na anayepanda kwa miguu anapaswa kuandamana na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Upande wa kaskazini-magharibi kuna safu ya Nyandarua, inayoitwa pia Aberdare. Sehemu za chini za safu hiyo zimo katika kaunti yetu: misitu ya Kieni, Gatamaiyu, Kinale na Kereita. Ukifuata barabara ya Thika kupitia Gatukuyu na Kamwangi hadi Flyover, kisha uelekee Njabini katika Kaunti ya Nyandarua, unafika mwanzo wa njia ya Elephant Hill. Kilele hicho kina kimo cha karibu mita 3,590. Mwendo wa kwenda na kurudi ni kati ya kilomita 18 na 20. Njia hupita kwenye msitu, kisha mianzi, kisha nyika ya wazi isiyo na mti wa kujikinga.

Ni vyema tukumbuke kwamba mto Ruiru, mto Chania na mto Thika hutoka katika safu hiyo. Bwawa la Sasumua karibu na Njabini na bwawa la Ndakaini kule Gatanga yote yanajazwa na mvua inayonyesha huko juu. Maji tunayoyaona chini ya daraja mjini Thika yameteremka kutoka kwenye mteremko uleule ambao mpandaji anaukanyaga. Mlima unaoshika maji kiasi hicho hauwezi kuwa mkavu wakati wa vuli.

2. Kwa nini kulowa ni hatari

Watu wengi wakiulizwa hatari ya mlimani hutaja ndovu, nyati au kuanguka kwenye genge. Hatari hizo zipo. Lakini katika msimu wa mvua, adui anayemwandama kila mpandaji bila kelele ni baridi iliyochanganyika na maji.

Tufanye hesabu kidogo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hushuka kwa takriban nyuzi 6 hadi 7. Ruiru iko kwenye kimo cha karibu mita 1,550. Kilele cha Elephant Hill kiko juu zaidi kwa karibu mita 2,000. Ikiwa Ruiru kuna nyuzi 24 za Selsiasi, tarajia karibu nyuzi 11 kule juu. Hiyo ni kabla hatujahesabu upepo, na kabla nguo hazijalowa.

Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu yenye ubaridi uleule. Fulana ya pamba iliyolowa kwa jasho na mvua hung'ang'ania ngozi na kuendelea kunyonya joto. Upepo ukivuma juu yake, hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kupatwa na hali ambayo madaktari huiita haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35, hata mahali ambapo hakuna theluji wala barafu. Kijana mwenye nguvu hasalimiki kwa sababu ya ujana wake. Mwili uliochoka na tumbo tupu hauna kuni za kuwasha moto wa ndani.

3. Saa ya kugeuka

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Misiba mingi ya mlimani huanza kwa uamuzi uliocheleweshwa. Kikundi kimechoka, mvua imeanza, lakini kilele kinasemekana kuwa "hapo tu". Wanaendelea. Wanafika saa 9 alasiri, wanapiga picha, kisha wanateremka kwenye matope huku giza likiwakuta ndani ya mianzi.

Nchi yetu iko kwenye ikweta. Wakati wa vuli jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:40 jioni, na baada ya hapo giza huingia haraka. Ndani ya msitu wenye ukungu, giza hutangulia.

Basi tupange kurudi nyuma kuanzia jioni. Tuseme kikundi cha watu 14 kinatoka Ruiru saa 10 alfajiri na kuanza kutembea Njabini saa 1:30 asubuhi. Tunataka kila mtu awe amefika langoni saa 10 jioni, ili tubaki na saa mbili za mwanga kama akiba iwapo mtu atateguka mguu. Katika matope kuteremka si mchezo. Tuhesabu saa nne. Ukiondoa saa nne kutoka saa 10 jioni, unapata saa 6 mchana. Hiyo ndiyo saa ya kugeuka. Ikifika saa 6 kamili, popote mlipo, mnageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Kuipanga saa hiyo ni rahisi. Kuifuata ndiko kugumu, na sababu zake tunazijua. Watu wamelipa pesa za usafiri. Mwandalizi anaogopa kulaumiwa. Mdogo anaona haya kumwambia mkubwa wake wa kazini kwamba amechoka. Mwingine tayari amewaambia marafiki kwamba leo atatuma picha ya kileleni. Kwa hiyo fanyeni mambo matatu:

- Tangazeni saa ya kugeuka siku watu wanapolipa, wala si siku ya safari. Kila anayechanga ajue kwamba anachangia safari, na kilele hakijaahidiwa.
- Chagueni mtu mmoja wa kutunza saa. Akisema "tumefika saa ya kugeuka", hakuna mjadala, awe ni kijana au mzee.
- Kubalianeni kwamba mtu yeyote anaweza kuomba kikundi kigeuke mapema, na hatachekwa.

Asubuhi mlimani mara nyingi huwa na mwanga mzuri, kisha mawingu hujikusanya kuanzia karibu na adhuhuri. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Anayeanza mapema na kugeuka mapema huwa amekwishapita sehemu ya wazi kabla ya mvua ya alasiri. Mkirudi bila kufika kileleni, mlima utakuwepo Januari, na njia itakuwa kavu.

4. Mavazi na mzigo

Si lazima ununue vifaa vya bei ghali. Vingi hupatikana katika masoko yetu ya mitumba.

*Nguo.* Acha jinzi na fulana za pamba nyumbani. Vaa nguo za polista zinazokauka upesi, juu yake sweta ya sufu au jaketi nzito yenye manyoya mafupi, na juu kabisa koti la mvua lisilopitisha upepo. Beba kofia ya sufu, glavu na soksi za ziada. Seti moja kamili ya nguo kavu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, na usiiguse mpaka itakapohitajika kweli.

*Viatu.* Raba laini za mjini hukugeuza mtelezi. Viatu vya kupandia vyenye meno chini ndivyo bora. Wengi wanaozijua njia hizi hutumia gambuti, na katika matope mazito si chaguo baya, mradi zikutoshe na uvae soksi nene. Fimbo imara ni mguu wa tatu.

*Chakula na maji.* Beba chapati, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, njugu na ndizi. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa moja, hata kama huna njaa. Chai ya moto yenye sukari ndani ya chupa ya chai ni dawa pia. Maji yabebe kwenye chupa inayotumika tena na tena: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa.

*Vifaa.* Kila mtu awe na tochi, ikiwezekana ya kichwani, pamoja na filimbi. Simu iwe imejaa chaji, iwekwe karibu na mwili kwa sababu baridi hupunguza nguvu za betri. Kikundi kiwe na turubai dogo, blanketi na sanduku la huduma ya kwanza.

5. Njiani: ukungu, mito, radi na wanyama

*Ukungu.* Ukishuka, mnaweza msionane hata mkiwa hatua chache tu kutoka kwa mwenzenu. Tembeeni kwa mstari mmoja. Mwongozaji awe mbele, mwingine mwenye uzoefu awe wa mwisho kabisa, na anayetembea polepole kuliko wote ndiye apange mwendo. Kwenye kila njia panda, simameni mhesabiane. Kikundi kinachogawanyika kuwa "wa mbio" na "wa pole" kimejitengenezea shida mbili badala ya moja.

*Mito.* Kijito ulichokiruka asubuhi kinaweza kuwa mto alasiri, hata kama mvua haikunyesha hapo uliposimama. Dalili zake ni tatu: maji yanabadilika rangi kuwa ya udongo, matawi na majani yanaanza kuelea, na sauti inaongezeka. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukiwa na shaka, usivuke. Subirini ng'ambo iliyo salama. Vijito vya mlimani mara nyingi hupungua mvua ikikatika. Kanuni hiyo inafaa pia kwenye madaraja madogo na vivuko vya mitaani kwetu Thika na Ruiru.

*Radi.* Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, teremkeni kutoka kwenye mgongo wa mlima bila kuchelewa. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

*Wanyama.* Ndani ya mianzi, zungumzeni kwa sauti ya kawaida ili mnyama asishtuke ghafla. Mkiona kinyesi kibichi au kusikia matawi yakivunjika, simameni na mmwachie askari au mwongozaji aamue. Msitangulie mbele yake.

6. Mwenzako akianza kupoa

Mtu anayepoa mwili mara nyingi hajijui, kwa hiyo mwenzake ndiye anayepaswa kumtambua. Tembeeni wawili wawili, na kila mmoja amwangalie mwenzake.

Dalili za mwanzo ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga zipu, kujikwaa mara kwa mara na ukimya usio wa kawaida. Baadaye maneno huburuzika, mtu huwa mkali bila sababu, au hukaa chini na kusema "niacheni nipumzike kidogo". Akiacha kutetemeka huku bado amelowa na ana baridi, msifurahi. Hiyo ni dalili kwamba hali yake imekuwa mbaya sana.

Fanyeni hivi:

1. Simameni. Mkingeni na upepo na mvua kwa turubai.
2. Mvueni nguo zilizolowa, mvalisheni kavu, pamoja na kofia.
3. Mwekeni juu ya mabegi au majani makavu asiguse ardhi, kisha mfunikeni kwa blanketi. Mwenzake mwenye joto anaweza kumkumbatia chini ya blanketi.
4. Ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari na chakula.
5. Pigeni simu kuomba msaada mapema. Kama hali yake ni nyepesi na amepata nafuu, teremkeni naye polepole. Kama amechanganyikiwa au ameacha kutetemeka, mshikeni kwa upole, asitembezwe, na msaada uje alipo.

Msimpe pombe: huleta hisia ya joto huku ikiupotezea mwili joto. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu.

7. Mkipotea

Wengi tumefunzwa kwamba aliyepotea afuate mto. Katika safu ya Nyandarua ushauri huo unaweza kuua. Mito yake hupita kwenye mabonde marefu na kuanguka kwenye majabali. Maporomoko ya Karuru pekee yana urefu wa takriban mita 270. Katika ukungu, anayefuata maji anaweza kufika ukingoni kabla hajauona.

Kanuni ni nne: simameni, mkae pamoja, jikingeni, mjulikane mlipo. Pigeni filimbi mara tatu, mpumzike, mrudie. Tumeni ujumbe mfupi wa simu ukieleza mahali mlipoiona njia mara ya mwisho, kwa kuwa ujumbe unaweza kupenya pale ambapo simu ya sauti inakataa. Mkikutana na ua wa hifadhi msiuguse: ua unaoizunguka Aberdare, uliokamilika 2009 na wenye urefu wa karibu kilomita 400, una umeme.

Msitegemee kwamba helikopta itakuja mara moja. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyokuwa na watu 10, ikitoka Kitale kuelekea Nairobi, ilianguka katika safu hii upande wa Njabini. Taifa zima lilikuwa likiitafuta, lakini ukungu na mvua viliwazuia watafutaji. Mabaki yalipatikana tarehe 7 Juni, na hakuna aliyenusurika. Ikiwa ndege ilichukua siku mbili kupatikana, mtu mmoja aliyekaa chini ya mwanzi anahitaji kujiandaa kungoja.

8. Ujumbe wa kuacha nyumbani

Kabla ya kuondoka, mwachie mzazi, mwenzi au jirani ujumbe wenye mambo haya:

- Majina na nambari za simu za wote walio safarini.
- Lango mtakaloingilia na njia mtakayofuata.
- Nambari ya usajili wa gari na simu ya dereva.
- Nambari ya simu ya kituo cha msitu au ya lango la hifadhi.
- Saa mnayotarajia kutoka msituni, na saa ambayo asipopata habari zenu aombe msaada. Katika mfano wetu, mkitarajiwa saa 10 jioni, asingoje kupita saa 1 usiku.

Nambari za dharura ni 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Jiandikisheni langoni mnapoingia na mnapotoka, na mlipe ada rasmi. Kitabu cha langoni ndicho cha kwanza kuangaliwa mtu akikosekana. Anayeingia kwa njia ya panya hana jina kwenye kitabu hicho. Siku moja kabla ya safari, sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Ukitabiri mvua kubwa, ahirisheni.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kikundi chenu kinaanza kutembea saa 2:30 asubuhi badala ya saa 1:30. Je, saa ya kugeuka isogezwe? Eleza kwa kutumia saa ya jua kuzama.
2. Mwenzenu amenyamaza na anajikwaa, lakini anasema yuko sawa. Mtafanya nini kwanza?
3. Ni nani katika kikundi chenu ambaye wengine huona vigumu kumpinga? Mtahakikishaje kwamba mtunza saa anasikilizwa hata na mtu huyo?
4. Kila mmoja afungue begi lake mbele ya wenzake. Ni nani hana nguo kavu?

Swali la kwanza lina jibu fupi: jua halisogei kwa ajili yetu, kwa hiyo saa ya kugeuka inabaki saa 6 mchana. Maswali mengine jibuni wenyewe, kabla ya kulipa nauli.